Kuvukiza, kupoza au kuingiza mvuke: kuchagua njia ya kukuza fuwele moja kutoka kwenye mmumunyo

Mtu mwenye nusu kilo ya shabu na bika la maji hana tatizo moja na mtu mwenye miligramu 20 za kampaundi mpya iliyomchukua miezi mitatu kuitengeneza, ingawa wote wawili watasema kwamba wanatafuta fuwele. Wa kwanza anaweza kukosea mara kumi, akamumunyisha tena mabonge yake na kuanza upya. Wa pili ana majaribio matano au sita tu kabla mali yake haijaisha, na kila jaribio linaloishia kwenye unga humwachia kidogo kuliko alichoanza nacho, kwa sababu sehemu hubaki kwenye kuta za vichupa na kwenye karatasi za kuchujia. Ulinganisho huu unawahusu wote wawili, lakini nimemweka mbele yule wa pili, kwa kuwa ndiye anayegharimika zaidi akichagua njia vibaya, na ndiye ambaye mara nyingi huchagua kwa mazoea ya maabara yake kuliko kwa tabia ya kampaundi aliyo nayo.

Fuwele moja ni kipande cha yabisi ambacho mpangilio wa atomu zake unaendelea bila kukatika wala kubadili mwelekeo kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Unga unaometameta chini ya taa nao umejaa fuwele, ila ni ndogo mno, au zimeshikana na kuelekea pande tofauti, kiasi kwamba hazifai kwa kazi inayohitaji kipande kimoja kizima. Kazi kubwa kati ya hizo ni kusoma muundo wa molekuli kwa eksirei. Mwaka 1912, Walter Friedrich na Paul Knipping, wakifuata wazo la Max von Laue, walielekeza eksirei kwenye fuwele ya mrututu mjini Munich, na madoa yaliyojitokeza kwenye bamba la picha yakaonyesha kwamba atomu ndani ya fuwele zimejipanga kwa safu zinazojirudia. Tangu hapo, kukuza fuwele nzuri kumekuwa mlango wa kuingilia katika elimu ya muundo wa vitu. Kwa kazi hiyo ukubwa wa kustaajabisha hauhitajiki: kwa kawaida fuwele yenye milimita 0.1 hadi 0.3 kila upande inatosha, mradi iwe safi na iwe moja kweli. Anayetaka fuwele ya kushika mkononi, au ya kupitishia mwanga wa leza, ana hesabu nyingine, nami nitaigusa mbele.

Jambo moja ambalo njia zote hulifanya

Kabla ya kuzipambanisha njia, inafaa kuona zinapokutana. Kila njia huuchukua mmumunyo ambao bado haujashiba, yaani ambao bado unaweza kumumunyisha zaidi, ikausogeza hadi ushibe, kisha ushibe kupita kiasi kidogo. Kinachotofautiana ni namna ya kuusogeza: kuvukiza hupunguza kimumunyishi, kupoza hupunguza uwezo wa kimumunyishi hicho hicho, na kuongeza kimiminika kingine hukigeuza kimumunyishi kiwe kibaya zaidi kwa kampaundi.

Kati ya mstari wa kushiba na hali ambayo viini vipya vya fuwele huzaliwa vyenyewe kuna ukanda ambamo fuwele iliyokwisha kuwapo huendelea kukua, lakini mpya hazizaliwi kirahisi. Wilhelm Ostwald aliueleza ukanda huu mwishoni mwa karne ya 19, na ndio uwanja ambao mkuzaji wa fuwele anapaswa kufanyia kazi yake. Mmumunyo ukivuka ukanda huo kwa kasi, maelfu ya viini huzaliwa kwa pamoja na kugawana mali iliyopo, kila kimoja kikapata chembe tu. Ukivuka taratibu, viini vichache huzaliwa, vikaanza kula kilichomo ndani ya mmumunyo, na kwa kula huko vikaurudisha ndani ya ukanda ambamo wengine hawazaliwi tena. Kwa hiyo swali la msingi katika kuchagua njia ni hili: ni ipi itakayoniwezesha kuuvuka mpaka huo polepole, kwa kampaundi hii, kwa kiasi hiki nilicho nacho?

Kuvukiza na kupoza

Hizi ndizo njia mbili ambazo karibu kila mtu huanza nazo, na jedwali la umumunyikaji ndilo linalopaswa kuamua kati yake. Gramu 100 za maji kwa nyuzi 20 za Selsiasi huchukua takribani gramu 36 za kloridi ya sodiamu, na maji hayo hayo yakikaribia kuchemka huchukua gramu 39 tu. Anayepoza mmumunyo wa chumvi hiyo kutoka nyuzi 100 hadi 20 atapata gramu tatu kwa shida, hata apoze kwa ustadi gani. Chumvi hii ni ya kuvukizwa. Shura, yaani nitreti ya potasiamu, ina tabia iliyo kinyume kabisa: kutoka gramu 32 hivi kwa nyuzi 20 hufika takribani gramu 110 kwa nyuzi 60, na kwa sababu hiyo mmumunyo wake wa moto ukipozwa haraka hujaa sindano nyeupe ndani ya dakika chache. Mrututu na shabu ziko kati, na ndiyo sababu zimependwa na walimu kwa muda mrefu. Mrututu wenye maji yake ya fuwele huongezeka kutoka gramu 32 hadi karibu gramu 62 katika nyuzi hizo hizo, na shabu huongezeka kutoka gramu 11 au 12 hadi zaidi ya gramu 50. Mwinuko wa namna hiyo humpa mpozaji mali ya kutosha bila kuufanya kila upungufu wa nyuzi moja uwe mporomoko.

Zipo pia kampaundi zinazomumunyika kidogo zaidi kadiri joto linavyopanda, kama kaboneti ya lithiamu na salfeti ya seriamu. Anayezipoza huzifanya zimumunyike zaidi, kinyume na alivyokusudia. Hizi hutaka kupashwa moto taratibu. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wakipoteza wiki nzima kwa kutolichungulia jedwali kwanza.

Sifa kuu ya kuvukiza ni kwamba haihitaji chochote zaidi ya kichupa, kifuniko chenye tundu moja au mawili ya sindano, na mahali tulivu. Kwa kampaundi ambayo umumunyikaji wake haujulikani, au haubadiliki na joto, ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria. Udhaifu wake ni mkubwa kuliko unavyotajwa kwa kawaida. Kwanza, kasi yake humtegemea kimumunyishi kuliko mkuzaji: dikloromethani, inayochemka kwa nyuzi 40, huondoka usiku mmoja, huku dimethilifomamaidi, inayochemka kwa nyuzi 153, ikibaki wiki kadhaa bila badiliko la kuonekana. Pili, uvukizaji hutokea juu ya uso wa kimiminika, na hapo ndipo mmumunyo hushiba kwanza. Matokeo yake ni ukoko unaopanda kwenye kuta za kichupa, ukinyonya mmumunyo kama utambi na kuukausha nje ya mahali ulipotakiwa kukaa. Tatu, na hili ndilo linaloharibu zaidi, njia hii haina mwisho wake yenyewe. Mmumunyo usipotazamwa hukauka kabisa, na uchafu wote uliokuwa umebaki ndani yake hutua juu ya fuwele zilizokuwa safi siku moja kabla. Niliwahi kuacha kichupa wazi siku ya Ijumaa kikiwa na fuwele tatu nzuri za rangi ya zambarau, na Jumatatu nikakuta gamba la kahawia ambalo hakuna kipande kilichoweza kutolewa humo. Tangu siku hiyo sikiachi kichupa cha kuvukiza bila kukifunga ninapoondoka.

Kupoza hakuna tabia hiyo. Joto la mmumunyo likifika lile la chumba, mambo husimama yenyewe, kimumunyishi kikiwa bado kipo na uchafu ukiwa bado umemumunyika ndani yake. Kwa sababu hiyo, pale jedwali linaporuhusu, ninaiona kupoza kuwa njia bora kuliko kuvukiza karibu kila mara. Gharama yake ni kwamba hutaka mali zaidi, kwa kuwa mmumunyo lazima ushibe kwa joto la juu, na hutaka uvumilivu ambao meza ya maabara haiutoi: bika la moto lililoachwa mezani hufika joto la chumba ndani ya saa moja, na hiyo ni kasi ya kutengeneza unga. Dawa ya zamani na ya rahisi ni kukiweka kichupa kilichofungwa vizuri ndani ya chupa ya thamosi iliyojazwa maji ya joto lile lile, ikafunikwa na kuachwa. Badala ya saa moja, upoaji huchukua usiku mzima au siku mbili. Maabara yenye beseni la maji linaloongozwa na kidhibiti joto inaweza kushuka kwa sehemu ya digrii kwa saa, na kwa fuwele kubwa hata sehemu ya digrii kwa siku.

Ipo hoja moja zaidi inayotenganisha njia hizi mbili, nayo hupuuzwa kwa sababu haionekani kwa macho. Joto ambalo fuwele huzaliwa huweza kuamua ni fuwele ya aina gani itakayozaliwa. Louis Pasteur, mwaka 1848, alitenganisha kwa mkono fuwele za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto za tatreti ya sodiamu na amonia, na hilo liliwezekana kwa sababu zilikua kwenye joto la chini ya nyuzi 27 hivi. Juu ya kiwango hicho aina mbili hizo za molekuli huingia pamoja katika fuwele moja ya namna nyingine, na hakuna cha kutenganisha. Anayevukiza hukaa kwenye joto moja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayepoza hupita kwenye nyuzi nyingi, na fuwele zake za kwanza huweza kuwa za umbo tofauti na za mwisho. Mtu anayetafuta umbo fulani mahususi la yabisi anapaswa kulipima jambo hili kabla ya mengine yote.

Kumwita kifukuzi: kwa mvuke au kwa matabaka

Kwa miligramu 20 za kampaundi ya ogani au ya metali na ogani, njia ninayoitanguliza ni ya kuongeza taratibu kimiminika ambacho hakiimumunyishi kampaundi lakini kinachanganyika vizuri na kimumunyishi chake. Hapa nitakiita kifukuzi, kwa kuwa kazi yake ni kuifukuza kampaundi itoke ndani ya mmumunyo. Kuna namna mbili kuu za kukiingiza, na uchaguzi kati yake hauhitaji kubahatisha, kwa sababu sifa mbili za vimiminika, yaani wepesi wa kuvukiza na uzito kwa ujazo, huamua karibu kila kitu.

Namna ya kwanza ni kuingiza kifukuzi kwa mvuke. Mmumunyo wa mililita moja au mbili huwekwa kwenye kichupa kidogo kilicho wazi, nacho husimamishwa ndani ya kichupa kikubwa chenye kifukuzi chini yake, kisha kile kikubwa hufungwa barabara. Mvuke wa kifukuzi hupanda, hujaza nafasi ya juu, na hushuka polepole ndani ya mmumunyo. Sharti lake ni moja: kifukuzi lazima kiwe chepesi kuvukiza kuliko kimumunyishi, la sivyo kimumunyishi ndicho kitakachohama kwenda nje, na mkuzaji atajikuta anavukiza bila kujua. Daietili etha, inayochemka kwa nyuzi 35 hivi, ikiingia ndani ya asetonitrili inayochemka kwa nyuzi 82, ni jozi iliyofaulu mara nyingi mno. Etha ndani ya dimethilifomamaidi, au pentani ndani ya toluini, hufuata mantiki hiyo hiyo. Heksani haifai kuingizwa kwa mvuke ndani ya dikloromethani, kwa kuwa dikloromethani ndiyo iliyo nyepesi zaidi kuvukiza.

Ubora wa namna hii ni kwamba mmumunyo haukauki, kasi yake ni ndogo tangu mwanzo, na hakuna kinachohitaji kuguswa. Kasi nayo inaweza kupunguzwa zaidi kwa kukifunika kichupa cha ndani kwa kifuniko chenye tundu moja, au kwa kuweka chombo chote mahali pa baridi. Wanaokuza fuwele za protini hutumia ndugu wa njia hii: tone dogo la mmumunyo huning'inizwa juu ya hifadhi ya kimiminika chenye chumvi nyingi zaidi, na maji huhama taratibu kutoka kwenye tone kwenda kwenye hifadhi. Huko kinachosafiri ni kimumunyishi badala ya kifukuzi, lakini utulivu na uchache wa mali inayohitajika ni ule ule.

Namna ya pili ni kupanga matabaka. Kimiminika kizito hukaa chini, chepesi humwagwa juu yake polepole kwa sindano ndefu inayogusa ukuta wa neli, na mpaka kati yao huachwa ujichanganye wenyewe. Hapa kinachotawala ni uzito kwa ujazo. Dikloromethani ina gramu 1.33 kwa mililita na kloroformi karibu gramu 1.49, kwa hiyo hukaa chini vizuri. Heksani yenye gramu 0.66 hukaa juu bila shida. Jozi ile ile iliyoshindikana kwa mvuke, dikloromethani na heksani, ni miongoni mwa jozi bora kabisa kwa matabaka, na mfano huo pekee unatosha kuonyesha kwa nini swali la «kifukuzi gani?» halijibiki mpaka swali la «kwa namna ipi?» liwe limejibiwa. Neli nyembamba huwa bora kuliko pana, kwa sababu eneo la kukutana ni dogo na mchanganyiko huenda polepole. Neli za milimita 5 zinazotumika katika vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu zinafaa sana kwa kazi hii. Mwenye mkono usiotulia anaweza kuweka tabaka jembamba la kimumunyishi kitupu katikati, ili mchanganyiko wa kwanza, ambao ndio wa ghafla zaidi, utokee mahali pasipo na kampaundi.

Nikilinganisha mbili hizi, mvuke husamehe makosa zaidi. Tabaka likitikiswa mara moja wakati wa kumwaga, au wakati wa kuibeba neli kwenda kabatini, mpaka huvurugika na unga huzaliwa papo hapo. Kichupa cha mvuke kikitikiswa kidogo hupoteza kidogo tu. Lakini matabaka yana uwezo ambao mvuke hauna: yanaweza kuwakutanisha washirika wawili wa mmenyuko. Pale ambapo bidhaa haimumunyiki katika kitu chochote mara inapoundwa, kama zilivyo kampaundi nyingi ambamo metali na molekuli za ogani hushikana kuwa nyavu, hakuna mmumunyo wa kuvukiza wala wa kupoza. Chumvi ya metali huwekwa kwenye tabaka moja, molekuli ya ogani kwenye tabaka lingine, na fuwele hukua pale zinapokutana.

Pale ambapo kampaundi haikubali kumumunyika

Hali hiyo ya bidhaa isiyomumunyika ndiyo inayofungua mlango wa jeli. Mmumunyo wa silikati ya sodiamu uliotiwa asidi huganda kuwa jeli laini, na ndani ya jeli hiyo ioni husafiri kwa kusambaa tu, bila mikondo ya kimiminika kuzivuruga. Mfano unaofanyika vizuri hata katika maabara ya kufundishia ni tatreti ya kalsiamu: jeli hutengenezwa ikiwa na asidi ya tatariki ndani yake, huachwa igande vizuri, kisha mmumunyo wa kloridi ya kalsiamu humwagwa juu kwa uangalifu. Katika siku na wiki zinazofuata, fuwele angavu huonekana zikining'inia ndani ya jeli, kila moja mahali pake. Kinacholipwa ni muda, na ugumu wa kuzitoa bila kuzivunja, pamoja na chembe za jeli zinazoweza kunaswa ndani ya fuwele. Kwa kampaundi inayomumunyika vizuri sioni sababu ya kuitumia.

Njia nyingine ni kufunga kila kitu ndani ya chombo cha chuma chenye kikombe cha tefloni na kukipasha juu ya kiwango cha kuchemka cha kimumunyishi, ili kile kisichomumunyika kwa joto la kawaida kimumunyike kwa joto na shinikizo la juu. Kwa kanuni hiyo hiyo ndivyo kwazi ya viwandani inavyokuzwa, na ndivyo fuwele nyingi za zeolaiti zinavyopatikana. Ni njia yenye nguvu, lakini mkuzaji haoni kinachoendelea ndani, na anachoweza kudhibiti ni kasi ya kupoza tu. Chombo kisijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kisifunguliwe kabla hakijapoa kabisa. Kampaundi isiyostahimili joto haina nafasi humo.

Mbegu, kwa anayetaka fuwele kubwa

Kwa mwenye shabu au mrututu, uchaguzi ni mwepesi zaidi: apoze au avukize polepole, lakini afanye hivyo akiwa na mbegu. Fuwele ndogo iliyo kamili, isiyo na nyingine iliyoshikamana nayo, hufungwa kwa uzi mwembamba na kutumbukizwa katikati ya mmumunyo ulioshiba. Mmumunyo huo uwe umechujwa na uwe umeshiba kidogo tu kupita kiasi: ukiwa bado haujashiba, mbegu huyeyuka na uzi hubaki mtupu, ukishiba mno, mbegu hupata wenzake chini ya bika na kwenye uzi. Mbegu humwezesha mkuzaji kukaa ndani ya ukanda ule wa kati bila kuvuka mpaka wa kuzaa viini hata mara moja, na hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu inayompa udhibiti huo.

Kiasi ambacho wazo hilo hilo linaweza kufika kinaonekana katika fuwele za fosfeti ya dihaidrojeni ya potasiamu zilizokuzwa kwa ajili ya leza kubwa za Lawrence Livermore National Laboratory, huko California. Zilikuzwa kutoka kwenye mmumunyo wa maji, kwa mbegu, kwa kupoza chini ya uangalizi mkali, zikafikia uzito wa mamia ya kilo. Kwa mbinu ya kukuza haraka iliyobuniwa kwa kazi hiyo, muda ulishuka kutoka takribani miaka miwili hadi miezi miwili hivi. Siri kubwa ilikuwa usafi: mmumunyo ulioondolewa chembe zote unaweza kushiba sana bila kuzaa viini vipya, na hivyo mbegu ikaruhusiwa kula kwa kasi ambayo kwa kawaida ingeleta unga.

Kwa yule mwenye miligramu 20

Ningeanza kwa kutenga miligramu mbili au tatu na kujaribu matone ya vimumunyishi sita hadi vinane, nikiandika ni kipi kinamumunyisha vizuri kwa baridi, kipi kwa moto tu, na kipi hakimumunyishi kabisa. Jaribio hilo la saa moja ndilo linalochagua njia. Kimumunyishi kinachofanya kazi kwa moto tu kinaita kupoza ndani ya thamosi. Kimumunyishi kizuri kisicho chepesi kuvukiza, pamoja na kisichomumunyisha kilicho chepesi, vinaita mvuke. Kizuri kizito na kibaya chepesi kwa uzito vinaita matabaka. Mabaki ningeyagawa kwa vichupa vitatu au vinne vya njia tofauti kwa wakati mmoja badala ya kuyaweka yote katika kimoja, na kuvukiza ningekuacha kuwe cha mwisho, kwa mmumunyo ambao majaribio mengine yameshindwa. Kila mmumunyo upite kwenye chujio laini kabla haujawekwa, na baada ya hapo visiguswe kwa siku tatu angalau. Hamu ya kunyanyua kichupa kila saa ili kukitazama kwenye mwanga imezalisha unga mwingi kuliko kosa lolote la kikemia.

Matokeo mabaya nayo husema ni njia gani ya kuhamia. Unga unamaanisha kasi, kwa hiyo mtu apunguze ukolevu au ahame kutoka matabaka kwenda mvuke. Matone ya mafuta yaliyotua chini yanaonyesha kwamba kampaundi imetoka kama kimiminika kabla ya kujipanga, na mara nyingi hutibika kwa joto la chini zaidi au kwa kifukuzi kisicho kikali. Sindano nyembamba kama nywele, zisizofaa kwa eksirei, hazitibiki kwa uvumilivu. Hutaka kimumunyishi kingine, kwa kuwa molekuli za kimumunyishi hushika nyuso fulani za fuwele na kuzichelewesha kukua. Urea ikiwekwa ndani ya mmumunyo wa kloridi ya sodiamu huzigeuza fuwele zake kutoka mchemraba kuwa umbo la nyuso nane, na Jean-Baptiste Romé de l'Isle alilieleza hilo mwaka 1783. Kisipotokea chochote kwa wiki mbili, kuukwaruza ukuta wa kioo ndani ya mmumunyo kwa kijiti cha kioo mara nyingi hutosha kuzaa viini vya kwanza.

Usalama nao una neno katika uchaguzi huu. Chumvi za pekloreti zenye sehemu za ogani huweza kulipuka zikikauka au zikikwaruzwa, kwa hiyo kwazo kuvukiza hadi mwisho hakufikiriwi kabisa. Zikuzwe kwa mvuke, kwa kiasi kidogo, na zibaki ndani ya kimiminika. Etha iliyokaa muda mrefu hujenga peroksidi, ipimwe kabla ya kutumiwa, na vichupa vyenye etha visiwekwe kwenye jokofu la kawaida ambalo cheche zake zinaweza kuwasha mvuke.

Na lipo jambo moja la kupima kabla hata kichupa cha kwanza hakijafungwa, ingawa athari yake huonekana mwisho. Fuwele nyingi hubeba ndani yake molekuli za kimumunyishi zilikokulia. Zile zilizobeba dikloromethani au etha, zikitolewa kwenye mmumunyo wake na kuachwa hewani, huweza kufifia na kuvunjika kuwa unga ndani ya dakika chache, wakati zile zilizokulia kwenye toluini au dimethilifomamaidi kwa kawaida hukaa muda wa kutosha kupachikwa kwenye mashine. Kwa hiyo, pale ambapo jozi mbili za vimiminika zinafaa sawasawa, mimi huchagua ile yenye kimumunyishi kizito kuvukiza, na fuwele huziacha ndani ya mmumunyo wake hadi dakika ya kupimwa. Hapo huchukua moja kwa matone machache ya mafuta mazito, huiweka chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa kwa mwelekeo mmoja, na kuizungusha: ikizimika yote kwa pamoja na kuwaka yote kwa pamoja kila robo ya mzunguko, basi ni moja; nusu ikizimika na nusu ikabaki inawaka, ni mbili zilizoshikana, na kichupa hurudi kabatini.